Nani Analipia Taa?
Mhadhara kwa wakazi wa Msimbu, Kisarawe, kuhusu vijana na starehe ya usiku isiyo na pombe



Aliyesimama mbele yenu si mhubiri wala daktari. Kama kuna aliyekuja kutazama picha za maini yaliyoharibika, atarudi nyumbani mikono mitupu. La afya nitalisema mara moja nipite: katika taarifa yake ya mwaka 2024, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa pombe iliua watu milioni 2.6 duniani mwaka 2019, na kwa uwiano rika lililoumia zaidi ni la miaka 20 hadi 39. Ndilo rika la hao waliokaa nyuma kule, karibu na pikipiki zao. Yatosha. Kila mmoja hapa ana ndugu au jirani anayeweza kumtaja bila kusubiri taarifa ya shirika lolote.

Ninalotaka tulizungumze ni jingine. Chukueni kijana wa miaka 22 wa hapa kwetu. Asubuhi alikuwa shambani kwenye mihogo, mchana kabeba abiria hadi Kisarawe mjini, jioni kaoga, kala. Sasa ni saa mbili usiku. Hajaoa. Chumbani kwake kuna joto, na simu inakaribia kuzima. Aende wapi? Na binti wa rika lake, aliyeshinda kwenye cherehani au kwenye genge la mama yake, yeye aende wapi?

Tembeeni usiku mhesabu mahali penye taa. Mtaona duka, mtaona meza ya chipsi, kijiwe cha bodaboda, na baa. Katika hizo, mahali ambapo mtu anaweza kukaa saa tatu kwa starehe ni baa peke yake. Pana kiti. Pana televisheni na mpira. Pana muziki. Pana choo, ingawa vingine vya kuombewa dua. Pana wanaume na wanawake mahali pamoja, jambo ambalo kijana wa miaka 22 analiweka juu ya mengine yote hata kama hapa mbele ya wazee atakataa.

Hoja yangu ni hii, na nitaing'ang'ania mpaka mnichoke. Vijana wengi hawaanzi kwenda baa kwa kuifuata pombe. Wanafuata taa, kiti na watu, kisha wananunua chupa kwa sababu bila chupa mezani mhudumu atakuja kuwauliza mara ya pili na ya tatu, na ya nne atawatazama tu. Bia ndiyo inayolipa bili ya umeme, king'amuzi na mshahara wa huyo mhudumu. Kwa hiyo anayetaka vijana wapate usiku usio na pombe, kabla hajakemea mtu, ajibu swali moja: nani atalipia taa?

Wenye viwanda walilijibu swali hili zamani. Kiwanda cha bia cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1933, na tangu hapo bia imejua kujiweka kila penye mkusanyiko. Mwenye baa anapata friji yenye jina la bia, mwavuli wenye jina la bia, meza na viti vya rangi ya bia. Bia ya Kilimanjaro ilidhamini Simba na Yanga, ikadhamini Taifa Stars, na tuzo kubwa za muziki nchini zikaitwa kwa jina lake kwa miaka mingi. Simlaumu mtu. Walikuwa na biashara yao na walilipa. Ninawauliza wengine, sisi tunaolalamika kwamba vijana wameharibika: sisi tulilipia nini?

Kuna watu wanaodhani starehe ya usiku bila pombe ni jambo geni, limeletwa na wafadhili pamoja na semina na fulana. Sikubaliani nao, lakini pia sitawadanganya. Hapa ni Uzaramoni. Watani wenu Wanyamwezi na Wasukuma husema Mzaramo atauza kitanda ili mdundiko upigwe, kisha alale chini akiwa na furaha. Utani ni utani, ila ngoma ilikuwapo kweli: mdundiko, vanga, mkwaju, na sherehe ya mwali kutolewa ndani. Tembo la mnazi nalo lilikuwapo. Mgema alikuwa mtu wa heshima yake kijijini, na wazee walikunywa. Msomi Marja-Liisa Swantz, aliyeishi na Wazaramo na kuchapisha kitabu juu ya mila zao mwaka 1970, alieleza namna ngoma zile zilivyoshikamana na ukoo, uzazi na maradhi. Ninachotaka mkione ni mpangilio wake. Aliyelipa alikuwa mwenye shughuli na ukoo wake, kwa mchango. Mpiga ngoma alitunzwa na watazamaji papo hapo. Tembo lilikuwa jambo la pembeni. Likikosekana, ngoma ilipigwa. Siku hizi bia ikikosekana, muziki unazimwa, kwa kuwa muziki wenyewe ulikuwa umekodiwa ili kuuza bia.

Hilo la kutunza tulitazame vizuri, maana ni uchumi kamili. Katika taarabu msikilizaji anainuka, anacheza taratibu hadi mbele, anamwekea mwimbaji noti mkononi au kichwani, anarudi kukaa. Msanii kalipwa, mtoaji kaonekana, jirani aliyepigwa kijembe kasikia. Hakuna aliyehitaji kuuziwa chupa ili fedha ile itoke mfukoni. Nadi Ikhwan Safaa ya Unguja ilianzishwa mwaka 1905 na bado ipo. Klabu ya watu waliokusanyika jioni kwa ajili ya udi, fidla na kanuni imepita enzi ya sultani, Mwingereza na mapinduzi.

Wazee waliofanya kazi mjini wanakumbuka pia sinema. Mwaka 1966 Dar es Salaam ilifunguliwa sinema ya wazi ambako watu waliingia na magari yao, na kabla ya hapo kulikuwa na Empire, Avalon na nyinginezo. Watu walivaa nguo zao nzuri, wakanunua karanga na bisi, wakalia pamoja kwenye filamu za Kihindi. Ilikuwa starehe ya usiku, na kiingilio ndicho kilicholipia taa. Majengo mengi ya sinema yalifungwa, na palipofungwa hapakuwekwa kitu kingine cha namna ile.

Lakini ushahidi mkubwa zaidi uko karibu, na tunauona kila mwaka kwa siku 29 au 30. Ni Ramadhani. Nawaomba muifikirie kwa muda kama mtu anayetazama kutoka nje. Jua likizama kijiji kizima kinakula: mihogo ya nazi, magimbi, tambi, kaimati, uji wa pilipili manga. Mkristo anakaribishwa kwa jirani na anakaa mkekani kama mwenyeji. Baada ya tarawehe hakuna anayelala. Vijana wamejaa barazani, wengine kwenye drafti, wengine kwenye karata, wengine wanabishana Simba na Yanga. Binti anaruhusiwa kutoka kwenda kwa shangazi saa nne usiku na hakuna anayemwuliza, kwa sababu njia nzima ina watu. Usiku mkubwa vinapita vikundi vya daku na ngoma zao na madebe yao, vijana wa miaka 17, 18, 20, wako macho, wana kelele, wana furaha, na hawana harufu ya kitu kinywani. Siku ya Idd wanapita nyumba hadi nyumba kuchukua chao.

Yaani mwezi mzima kijana huyu huyu tunayesema hawezi kukesha bila pombe amekesha bila pombe. Kisha tazama kabla na baada. Siku za mwisho za Shaabani kuna vunja jungu, watu wanakunywa kama wanaoaga dunia. Na Idd mosi, magrib haijaingia vizuri, baa zimefungua spika. Imani ina nguvu yake, sikatai. Ila tazameni na vitu vya kawaida ambavyo Ramadhani huvileta pamoja nayo: chakula nje, taa barazani, watu njiani, sababu ya kuwa macho, na kila nyumba imetoa kidogo. Idd ikipita, tunaviondoa vyote kwa siku moja, halafu tunashangaa vijana wamekwenda wapi.

Wakristo nao wana mikesha yao, ya Pasaka, ya mwaka mpya, na mikesha ya maombi ya Ijumaa ambayo kwaya zinaimba hadi alfajiri na vijana wanacheza wakatoka jasho. Ni usiku mzuri. Tatizo lake ni kwamba kila mmoja yuko kwao, na kijana asiyesali sana hana pa kuingilia. Nasema haya kwa heshima kwa mashehe na wachungaji waliopo: starehe iliyofichwa mahubiri ndani, kijana ataihudhuria mara moja, ya pili atatuma mdogo wake.

Kuna na kijiwe cha kahawa. Mzee na dele lake juu ya makaa, vikombe vidogo kwenye ndoo ya maji, kashata, na habari zote za dunia kabla redio haijazitangaza. Nakipenda. Jaws Corner pale Mji Mkongwe, Zanzibar, watu wanakunywa kahawa, wanacheza bao na kutazama mpira pamoja, na siasa inachambuliwa kwa ukali kuliko bungeni. Lakini hesabuni wanawake kwenye kijiwe chochote cha kahawa mnachokijua. Hata mmoja? Tusipendekeze kwa vijana wote mahali ambapo nusu yao hawakai.

Wapi basi wanakaa wote? Nendeni Forodhani, Unguja. Bustani ile ya ufukweni ilikarabatiwa kwa kazi ya Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni ikafunguliwa upya mwaka 2009. Jioni ikiingia zinawashwa taa za meza za chakula, mishikaki, pweza, urojo, juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu. Familia zinakaa majanini, wachumba wanakaa ukutani wakitazama bahari, watoto wa kiume wanajitosa majini kwa mbwembwe ili mabinti waone. Hakuna baa katika bustani ile. Mkenya naye ana ufukwe wa Mama Ngina, Mombasa, uliotengenezwa upya mwaka 2019, watu wanakula mihogo ya kukaanga yenye pilipili na kunywa madafu. Sehemu zote mbili yupo aliyegharimia kwanza: sakafu, ukuta, taa, mahali pa kutupa taka. Wauza mihogo walifuata baadaye wakajaza. Sisi Msimbu hatuna bahari, na sidhani bahari ndiyo inayowavuta. Watu wa Unguja wanaiona bahari kila siku.

Sasa niseme juu ya kitu ambacho waheshimiwa hawapendi kukitaja kwenye mihadhara: kibanda umiza. Mabenchi ya mbao, kuta za mabati au turubai, televisheni moja, na joto la kuiva. Kiingilio shilingi 500, mechi kubwa 1,000. Jioni Ligi Kuu ya Uingereza, usiku filamu ya Kichina au ya Kimarekani iliyosimuliwa kwa Kiswahili, kazi ambayo yule aliyevuma kwa jina la Lufufu aliifanya kuwa sanaa yake mwenyewe, akiwapa wahusika majina ya mitaani na kuwasemea wasiyoyasema. Tukizungumza juu ya utamaduni wa vijana wa Tanzania tunakiruka kibanda umiza. Ni kosa kubwa. Hapo pana kijana aliyekodi kiwanja, akanunua king'amuzi, akawasha taa, na taa ile inalipiwa na kiingilio bila kuuza hata chupa moja ya bia. Swali langu la leo yeye alishalijibu kitambo, bila semina.

Kasoro zake nazijua. Wasichana hawaingii. Watoto wa darasa la nne wanaingia, tena hadi usiku. Mlango ni mmoja na hakuna pa kupitisha hewa. Na mlangoni, pembeni kidogo, kuna mkeka wa kubeti au dubwi linalomeza sarafu za vijana. Tukiondoa pombe tukaweka kamari, tumemhamisha kijana chumba ndani ya nyumba ile ile. Shisha ni vivyo hivyo. Serikali iliipiga marufuku mwaka 2016, lakini wapo waliotaka kuiuza kama burudani ya wasiokunywa. Kibanda umiza kinaweza kurekebishwa. Ningekuwa mtendaji wa kijiji, ningeanzia hapo kabla ya kuanzisha lolote jipya.

Najua kuna wanaosema moyoni: maneno mengi ya nini, si pigeni marufuku tu? Tumeshapiga marufuku nyingi, jamani. Novemba 1969 Mkuu wa Mkoa wa Pwani, ambao wakati ule ulikuwa na Dar es Salaam ndani yake, Mustafa Songambele, alipiga marufuku muziki wa soul. Mwaka huo huo ulianza na Operesheni Vijana ya Umoja wa Vijana wa TANU, iliyokataza sketi fupi, wigi na suruali za kubana. Lalamiko kubwa dhidi ya soul lilikuwa madansi ya mchana na jioni, kwamba wanafunzi wa kike wanayakimbilia. Vijana wa wakati ule ndio wazee wa leo, na nikitazama viti vya mbele naona tabasamu mbili tatu. Muziki ulirudi kwa jina jingine.

Tarehe 1 Machi 2017 pombe kali za kwenye vifuko, viroba, zilipigwa marufuku. Mimi niliunga mkono na bado naunga mkono. Kifuko cha bei ya pipi mfukoni mwa mwanafunzi kilikuwa balaa, na bei ikipanda mlevi mchanga hupungua. Lakini pombe kali iliendelea kuuzwa katika chupa, na gongo haikuwa na kiwanda cha kufungwa. Kenya walitunga sheria mwaka 2010, inayojulikana kwa jina la mbunge John Mututho, baa zifunguliwe saa 11 jioni na kufungwa saa 5 usiku siku za kazi. Sheria za saa na za umri zinafaa. Zinapunguza. Hazimwambii mtu aliyefungiwa mlango aende wapi.

Marufuku inayoniuma zaidi ni ya vigodoro, na hapa nitakwenda taratibu maana wengine mna makovu. Kigodoro ni muziki wa mtaani usiku kucha: spika kubwa, harusi au mwali kama sababu, na mara nyingi fedha ni za akina mama wenyewe, za upatu na michango. Wakuu wa mikoa na polisi wamevikataza mara kwa mara, na sababu zao si za kubuni. Kelele zinamwua mgonjwa, wanafunzi hawalali, kuna mapanga, kuna mabinti wanaodhalilishwa. Lakini muziki unaopigwa hapo, singeli, umezaliwa na vijana wa Manzese, Tandale na Mbagala kutokana na mchiriku na vanga, yaani ni mjukuu wa ngoma za hapa Uzaramoni. Mwaka 2017 lebo moja ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilitoa mkusanyiko wa singeli kutoka studio iitwayo Sisso, na tangu hapo wasanii wake wamepanda majukwaa ya Ulaya. Mapigo 200 na zaidi kwa dakika. Mlevi hawezi kuufuata muziki ule kwa miguu, jaribuni mtaona. Wazungu wanakata tiketi kuucheza. Sisi tunauacha uishi gizani baada ya saa sita usiku, kisha tunaulaumu kwa mambo ya gizani.

Ningependa singeli ipigwe Msimbu kuanzia saa 12 jioni na izimwe saa 5 usiku, kwenye uwanja wenye taa, kwa kibali, na akina mama waliozoea kuandaa vigodoro wakiwa ndio wasimamizi. Wana uzoefu wa kukusanya fedha kuliko kamati nyingi za chama.

Hapa lazima nitaje Tabora, kwa sababu pendekezo lolote la kukusanya vijana bila kuitaja Tabora ni uzembe. Tarehe 1 Oktoba 2008, sikukuu ya Idd, watoto walijazana kwenye ukumbi kwa ajili ya disko toto. Hapakuwa na pombe. Karibu watoto 20 walikufa kwa kukosa hewa na kukanyagana. Serikali ikakataza disko toto nchi nzima. Kutokuwa na pombe hakuufanyi ukumbi kuwa salama. Milango mingapi, inafunguka kuelekea wapi, nani anahesabu wanaoingia, nani ana ufunguo: hayo yaulizwe kabla ya kuuliza msanii gani anakuja. Ndiyo maana napendelea uwanja wa wazi, na ndiyo maana watoto wa shule ya msingi wasiingizwe katika mambo haya ya vijana watu wazima.

Nje ya nchi nitapita haraka. Mwaka 2013 London na New York walianza kucheza disko asubuhi kabla ya kwenda kazini, juisi na kahawa badala ya bia. Ni jambo zuri kwa wenye fedha ya tiketi na ofisi za kwenda. La kujifunza zaidi ni Iceland. Mwaka 1998, kati ya vijana wa miaka 15 na 16, asilimia 42 walikuwa wamelewa ndani ya mwezi mmoja uliopita. Mwaka 2016 waliobaki walikuwa asilimia 5. Walibana umri wa kununua pombe na saa za watoto kuwa nje usiku, wazazi wakapeana zamu ya kutembea mitaani, na jiji la Reykjavík likampa kila mtoto ruzuku ya kulipia michezo, muziki au sanaa anayoitaka mwenyewe. Kule wanapita miezi ya usiku mrefu kwenye baridi kali, kwetu ni joto na mbu. Kilicho sawa ni kwamba mtu mzima alitoa fedha.

Sasa fedha za Msimbu. Sheria inataka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 ukarejeshwa mwaka 2024. Vijana wengi wakiuendea mkopo huo huomba bodaboda au kuku. Sijasikia sababu ya kuwazuia kuomba projekta, spika mbili, kitambaa cheupe na paneli ya umeme jua. Tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, lililoanza mwaka 1998, limekuwa likipeleka sinema vijijini Unguja na Pemba kwa vifaa vya namna hiyo, watu wanatandika mikeka na wanawake wanajaa. Bagamoyo, mkoa huu huu wetu, kuna TaSUBa, chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, kinafundisha ngoma, maigizo na ufundi wa jukwaa. Watoto wa Kisarawe wanaweza kusoma pale na kurudi na kazi.

Tufanye hesabu ya mfano. Kiingilio 500, wamekuja 80, ni shilingi 40,000. Msanii mchanga, mlinzi, mafuta au umeme, msafishaji wa choo, zitakwisha na pengine zisitoshe. Ndipo wanaingia wauzaji. Kila meza ya mihogo ya kukaanga, mishikaki, juisi ya miwa na madafu ilipe ushuru mdogo wa uwanja kwa usiku huo. Dafu limeanguliwa hapa, muhogo umechimbwa hapa, na fedha yake itazunguka hapa hapa. Fedha ya bia ikishaondoka na lori haitakuja kumlipia mtoto wa mtu daftari. Na watazamaji watunze, kama walivyofanya bibi zao.

Mama zangu, najua mnachoogopa. Mnaogopa mimba, na hamkosei. Ila nawaomba mkumbuke mabinti waliopata mimba katika kata hii walizipatia wapi. Sidhani ilikuwa penye taa na watu 80. Ilikuwa njiani, kwenye mikorosho, kwenye chumba cha mtu aliyeahidi vocha ya simu. Usiku wenye utaratibu ni salama kuliko kijiji kilichozima. Wekeni wanawake nusu ya kamati. Madereva wa bodaboda wa kurudisha watu wajulikane kwa majina na namba za vizibao. Saa 5 muziki uzimwe kweli, si kwa maneno. Atakayekuja amelewa arudishwe mlangoni bila kupigwa na bila kuchekwa, aje wiki ijayo. Na wenye baa msiwafanye maadui. Wengi wao ni wanakijiji wenzenu wanaosomesha watoto kwa biashara halali, na mmoja akikubali kutenga Jumanne moja ya soda na karaoke, mpeni Jumanne hiyo mwone.

Ombi langu kwa serikali ya kijiji ni dogo: toeni uwanja mmoja, Jumamosi moja kila mwezi, kwa miezi sita, na taa moja kubwa juu ya nguzo. Kwa wazazi: njooni na nyinyi, mkae nyuma, msikae mbele. Kwa vijana: kibali kinaombwa mapema kwa mtendaji, na mkopo unaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Jumatatu ofisi zinafunguliwa. Nendeni.